Lugha Aliyopewa Mbwa

Baba mdogo Idwal alifuga mbwa saba maishani mwake, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwaita Mot. Kila Mot alisemeshwa Kiwelisi tangu siku alipoletwa kutoka mnadani, akitetemeka ndani ya koti la mzee. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Delyth, na huyo alisemeshwa Kiingereza tangu alipozaliwa mpaka siku baba yake alipokata roho. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi mwenyewe, kwa hiyo msomaji asinitarajie niwe na adabu sana.

Mimi ni Eirlys. Baba yangu na Idwal walizaliwa tumbo moja, baba yangu ndiye mkubwa. Mashamba yetu yalipakana juu ya mto Teifi, huku kwetu nchi ya Wawelisi, ukuta wa mawe tu katikati. Nyumbani kwetu Kiwelisi kilikuwa lugha ya kuamkia na ya kugombania. Hatukukifikiria hata kidogo. Ukiruka ukuta ukaingia kwa Baba mdogo, ulikuta Kiingereza mezani na Kiwelisi uani na mbwa.

Watu walimtupia lawama mama mdogo, Maureen, kwa sababu alitoka Liverpool na hakujua zaidi ya kusalimia. Ni kweli aliwahi kusema hataki kusengenywa jikoni mwake. Lakini walimsingizia. Chanzo kilikuwa jeshini. Mwaka 1954 Baba mdogo alichukuliwa kwa lazima kama vijana wote wa rika lake, akapelekwa kambi moja kule Uingereza, na sajini wa huko aligundua kwamba Kiingereza cha kijana huyu kinachekesha. Kila Jumatatu alimsimamisha mbele ya kikosi asome ilani kwa sauti, wenzake wacheke. Miaka miwili. Alirudi ameapa kwamba mtoto wake hatachekwa na mtu yeyote.

Sisi watu wa hapa tuna mazoea mawili, na ni lazima niyataje maana bila hayo huwezi kumwelewa Delyth. La kwanza: akiingia chumbani mtu mmoja asiyejua Kiwelisi, hata kama tuko thelathini, sote tunageukia Kiingereza. Tunaita hiyo adabu. La pili: lugha uliyoanza nayo na mtu ndiyo utakayozikwa nayo. Mkikutana mara ya kwanza kwa Kiingereza, mtaongea Kiingereza miaka hamsini, hata kama wote wawili mnaota kwa Kiwelisi. Kubadilisha ni aibu. Ni kama kuanza kumwita mkeo kwa jina jingine.

Basi Delyth alikua hivyo. Tukicheza nyuma ya zizi, wadogo zangu na mimi, akichungulia tu ukutani tunageuza ndimi. Katika ukumbi wa kanisa, wanawake wakikata mkate wa matunda na kumenya umbea wa wiki nzima, akiingia Delyth umbea unakuwa wa Kiingereza, na unapoa hapo hapo. Kuja kwake ndiko kulikokifukuza kile alichokuja kukitafuta. Kaka yangu alikuwa akimtania, "Mot anajua kuliko wewe!" Naye alicheka. Alikuwa anajua maneno ya Mot yote, njoo, lala chini, kaa hapo, pole pole. Hayo ndiyo aliyorithi.

Alipofika umri wa miaka kumi na sita akachagua kusoma Kiwelisi kama lugha ya pili, ngazi ya juu, ile ya miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Sisi wa lugha ya kwanza tulikuwa kumi na wawili, darasa la ghorofani lenye madirisha. Wa lugha ya pili walikuwa watatu, na baada ya Krismasi wakabaki wawili. Walipewa kijichumba kando ya boila. Kozi yenyewe haikuwa mchezo: riwaya, mashairi, insha ndefu, na mwishoni mtahini anakuja kutoka nje, unakaa naye ana kwa ana nusu saa, unaongea. Mwalimu wao alikuwa Bwana Teifryn Howells, mtu wa kaskazini aliyemung'unya peremende mchana kutwa.

"Vitabu utasoma peke yako," alimwambia Delyth. "Lakini mdomo unataka mdomo mwenzake. Na wewe una bahati, binti. Una baba mwenye Kiwelisi cha bonde hili, ambacho hata mimi sina. Kaa naye jikoni nusu saa kila jioni. Mtihani umekwisha huo."

Jioni hiyo nilikuwa kwao, nimepeleka ndoo. Nikakuta wanakula supu ya kondoo na viazi, nikakaribishwa kiti. Delyth akaanza.

"Baba, mwalimu anasema nahitaji mtu wa kuongea naye."

"Si huyo mama yako."

"Mama hajui Kiwelisi."

"Basi ana bahati zake." Akacheka mwenyewe.

"Nusu saa tu, Baba. Mambo ya kawaida. Kondoo, mvua, nani kafa."

"Nani kafa nitakwambia hivi hivi. Kafa Tomos wa kinuni. Haya, kula."

"Baba, mimi sitanii."

"Kwani mimi natania? Nimekulisha Kiingereza kizuri miaka kumi na sita ili uende Cardiff, ukae ofisini, asitokee mshenzi wa kukucheka. Sasa unataka kunirudia zizini?"

Delyth akaninyooshea kijiko. "Mbona Eirlys? Yeye yuko zizini?"

Baba mdogo akageuka, akanitazama, kisha akanisemesha mimi, kwa Kiwelisi: "Mwambie baba yako kesho nitakuja kumchukua yule kondoo kiwete." Nami nikajibu kwa Kiwelisi, haya, Baba mdogo, nitamwambia. Delyth alielewa kila neno. Siku hizo alishaelewa kila kitu. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka, na sikuona kama nimefanya jambo.

Kwa kuwa baba kakataa, akanigeukia mimi. "Eirlys, Jumamosi moja kwa wiki. Saa moja. Nitakufulia hata soksi." Nikakubali. Tukakaa chumbani kwangu, yeye na daftari lake, mimi na kioo changu. Alikuwa anaongea taratibu, anatafuta neno, analipata, analiweka mahali pake. Mimi sikuwa na subira. Nilikuwa na mvulana wa Lampeter akilini. Baada ya dakika kumi nilikuwa nasema, "Aa, Delyth, tuongee vizuri bwana, nina habari," nami nikiingia Kiingereza habari inatiririka. Hakulalamika. Alikunja daftari akanisikiliza. Nimeihesabu saa ile mara nyingi baadaye: dakika kumi zake, hamsini zangu.

Kwa hiyo alijifunza kwa njia zake. Alikaa benchi la nyuma kanisani akisikiliza mahubiri na kuandika. Alisikiliza redio chini ya shuka. Alisimama nyuma ya mlango wa zizi kumsikiliza baba yake akimpigia Mot soga, maana Baba mdogo alimweleza yule mbwa mambo yote, bei za sokoni, maumivu ya goti, hata jinsi alivyomkumbuka mama yake. Nilimkuta hapo siku moja, mvua inamnyeshea, kalamu mkononi.

"Unafanya nini hapo, we mwehu?"

"Shh. Anamsimulia mafuriko."

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kuongea alimwekea baba yake sharti. Aliniambia usiku ule ule, macho yanang'aa. Alimwuliza: nikipata A, utaongea na mimi? Baba mdogo akajibu, "Ipate kwanza." Yeye akaichukua kama ahadi. Mimi pia niliichukua kama ahadi, nakiri, maana kwetu mtu akisema hivyo ameshakubali.

Akaipata. Agosti 1985, bahasha ikafunguliwa shuleni, na katika kijichumba cha boila ikatoka A moja, yake. Mimi wa lugha ya kwanza, niliyezaliwa nayo, niliambulia C. Bwana Howells alilia mbele ya watu bila haya. Delyth hakungoja basi. Alikimbia maili mbili zote, mimi nyuma yake nahema, mpaka malisho ya juu ambako Baba mdogo alikuwa anatenga wanakondoo na mama zao, kelele tupu. Filimbi mdomoni, Mot kachutama kwenye nyasi.

Delyth akasimama mbele yake. Akasema kwa Kiwelisi, sentensi ambayo najua aliitayarisha miaka miwili, wala haikuwa na kosa: "Baba, nimepata A. Sasa tuongee."

Baba mdogo akatoa filimbi mdomoni. Akamtazama. Midomo ilicheza, niliona kwa macho yangu, ilicheza. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Hongera, mwanangu. Umefanya vizuri kweli kweli. Hebu nifungulie geti lile."

Delyth akaenda akafungua geti. Na nyuma yake mzee akamwambia mbwa, kwa Kiwelisi, kwa sauti laini kabisa, "Pole pole, Mot. Pole pole, kipenzi changu."

Huwa wanasema mcheza kwao hutunzwa. Waende wakamwulize Delyth alitunzwa nini.

Jioni ile Baba mdogo alikuja kwetu. Walikaa jikoni na baba yangu, mimi niko ngazini, gizani, nasikia. Baba yangu alimsuta: "Mtoto kapata A. Umeshindwa hata kumjibu?"

"Nimjibu nini, kaka? Umemsikia? Kiwelisi chake kimepigwa pasi. Cha vitabuni kile. Mimi cha kwangu kimejaa viraka vya Kiingereza, barua kwa hicho siwezi kuandika, hata kadi ya rambirambi naandikiwa na mkeo. Nifungue mdomo aje anisahihishe? Nilishachekwa na yule sajini. Sitaki kuchekwa tena, safari hii na mwanangu."

"Hatakucheka, Idwal."

"Hatacheka. Atanionea huruma. Ni afadhali acheke."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka kumi na nane. Sikumwambia Delyth. Nilijidanganya kwamba siri ya mtu mzima haitolewi. Ukweli ni kwamba nilipenda. Nilipenda kuwa mimi ndiye anayesemeshwa. Yeye alikuwa na A, na mimi nilikuwa na Baba mdogo.

Delyth akaenda chuo kikuu Aberystwyth, akarudi mwalimu. Na alifundisha nini? Kiwelisi, lugha ya pili, ngazi ya juu, miaka ishirini na minane katika shule moja ya mji wa jirani. Alianza na wanafunzi tisa. Wakawa sita, wakawa wanne. Mwaka wa mwisho alikuwa naye mmoja, wakakaa wawili wanatazamana katika chumba cha watu thelathini, na mwaka 2017 mkuu wa shule akamwita akamwambia kozi imefungwa, idadi haitoshi. Walimpa maua na kadi. Kadi ilikuwa ya Kiingereza.

Na Baba mdogo, huko mnadani, alikuwa anajivuna! Akiegemea uzio wa kondoo, anawaambia wazee wenzake kwa Kiwelisi, "Binti yangu anafundisha Kiwelisi, mnajua? Ngazi ya juu." Kisha anarudi nyumbani anamwambia binti mwenyewe kwa Kiingereza kwamba mvua inakuja. Delyth, naye, alikuwa ameshaacha kujaribu. Mtu anaweza kugonga mlango miaka mingapi?

Maureen alitangulia kufa. Baba mdogo alimfuata Februari 2019, akiwa na miaka themanini na mitatu, kwenye kiti chake, Mot wa saba miguuni. Siku ya pili tulikaa jikoni kwake, Delyth, mimi na mchungaji wetu Gwyndaf, kupanga maziko. Nilikuwa nimeshachagua nyimbo. Mchungaji akawa anapapasa mfukoni, hatutazami. Alipoongea na mimi aliongea Kiwelisi, akimgeukia Delyth anaongea Kiingereza, meza ile ile, chai ile ile, hata hajijui.

"Kuna karatasi," akasema. "Aliniachia mwaka 2011. Alitaka ifuatwe."

Delyth akanyoosha mkono. Ilikuwa mistari minne kwa mwandiko wa mzee, herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu, kwa Kiingereza. Jeneza rahisi. Maua hapana. Mot apewe Delyth. Na wa mwisho: Ibada yote iwe ya Kiingereza, ili Delyth aelewe.

Mwaka 2011. Wakati huo Delyth alikuwa ameshafundisha lugha ile miaka ishirini na miwili. Vitoto vya nusu wilaya vilijifunza kwake kusema asubuhi njema. Nilisimama nikapiga meza.

"Haiwezekani! Mchungaji, chana karatasi hiyo. Mzee alikuwa amechanganyikiwa."

"Hakuchanganyikiwa, Eirlys," mchungaji akasema. "Aliniletea mwenyewe, kavaa tai."

"Delyth, sema basi! Kanisa zima ni Wawelisi, tumwimbie mzee nyimbo za kigeni kwa sababu yako, wewe unayejua kuliko sisi sote?"

Delyth alikuwa bado ameshika karatasi. "Fuateni alivyoandika," akasema. "Ni mara ya kwanza amefikiria nasikia nini."

Basi tukafuata. Watu mia moja na ishirini, wasiojua Kiwelisi hawakuzidi kumi, tulisimama tukiimba Kiingereza kutoka kwenye karatasi za fotokopi kwa sababu hakuna aliyejua maneno. Aliyezoea kuimba sauti ya nne alinong'ona tu. Sijapata kusikia kanisa letu limeimba vibaya hivyo. Baadaye ukumbini, wanawake walipanga foleni kutoa pole. Walimshika Delyth mkono, pole kwa Kiingereza. Wakanishika mimi, pole kwa Kiwelisi. Alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto, anasikia.

Jioni tulirudi jikoni kwa Baba mdogo, sisi wawili na mbwa. Mot alikuwa anazunguka zunguka mlangoni, analia. Delyth akamwambia kwa Kiwelisi, "Lala chini, Mot. Njoo hapa, kipenzi." Mbwa akaja akalala juu ya viatu vyake. Hakushangaa. Hakumjibu kwa lugha nyingine.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamweleza yote, usiku wa matokeo, ngazi, baba yangu, sajini, viraka, ni afadhali acheke. Nilichelewa miaka thelathini na minne. Nilitegemea alie, au anipige kofi, na ningelipokea.

Aliendelea kumpapasa mbwa kichwani.

"Kwa hiyo aliniogopa," akasema.

"Aliona aibu."

"Ungeniambia, Eirlys. Ungeniambia siku ile ile. Mimi nilidhani hakijatosha. Miaka yote nilidhani Kiwelisi changu hakijafika, ndiyo maana hajibu, nikazidi kusoma, nikazidi kukinyoosha. Ningejua, ningekivunja. Ningekivunja makusudi, nikakitia viraka mpaka kifanane na chake, nikaenda nacho kwake hapo zizini."

"Nisamehe, dada."

Akainuka kutia maji kwenye birika.

Maneno hayo ya kuvunja, Delyth aliyasema kwa Kiwelisi. Aligeuza lugha katikati ya mazungumzo, bila kunitahadharisha, na kikatoka cha bonde letu hasa, kile alichokiokota nyuma ya mlango wa zizi. Alikuwa ananifungulia mlango. Nami niliyemsema Baba mdogo kurasa zote hizi, nyani haoni kundule, nilimwomba msamaha kwa Kiingereza. Ndicho tulichoanza nacho tukiwa watoto, ukutani pale. Nilipogundua, chai ilikuwa imeshaiva, na yeye alikuwa ameshanirudia kwa Kiingereza, ananiuliza kama natumia sukari.